Redio Haichagui Herufi: Vitenzi vya Fundi wa Kibodi katika Soko la Kenyatta

Utangulizi

Kwa muda mrefu mjadala kuhusu Kiswahili na teknolojia umejikita katika majina. Tumebishana iwapo chombo kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Tumebishana tena iwapo sehemu yake ya kuandikia iitwe kibodi, kicharazio au baobonye. Mjadala huo una faida zake. Pasipo juhudi za aina hiyo, Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam isingeweza kutoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisini kwa Kiswahili, mnamo mwaka 2004. Hata hivyo, mwandishi wa makala haya anaona kuwa umetusahaulisha upande wa pili wa jambo lenyewe. Chombo kinapoharibika, jina lake halimsaidii sana mwenye chombo. Kinachotakiwa ni kueleza kinafanya nini na kinashindwa kufanya nini, na hiyo ni kazi ya vitenzi.

Makala haya yananuia kulionyesha hilo kwa mfano mmoja mdogo: kibodi isiyotumia waya ambayo baadhi ya vitufe vyake vimeharibika. Mahali petu ni Soko la Kenyatta, upande wa magharibi wa jiji la Nairobi, karibu na mitaa ya Ngumo na Golf Course na si mbali na Hospitali Kuu ya Kenyatta. Soko hili limejipatia sifa kwa nyama choma na kwa wasusi wa nywele kuliko kwa kompyuta. Lakini penye watu wengi wenye simu na kompyuta hapakosi fundi, na penye fundi pana mazungumzo ambayo mwanafunzi wa isimu angefaa kuyasikiliza. (Kwamba mafuta ya nyama choma na vitufe vya kibodi ni maadui, hilo halihitaji utafiti.)

Mazungumzo ya kibandani

Mazungumzo yafuatayo yametungwa kwa ajili ya somo hili. Mteja ni mwanafunzi wa kike anayeandika tasnifu yake. Fundi ni kijana wa makamo yake.

– Fundi, habari ya kazi? Kibodi yangu imekataa.
– Nzuri, dada. Imekataa aje?
– A haishiki.
– Haishiki kabisa, ama kuna wakati inashika?
– Kabisa.
– Ukiifinya inaingia?
– Inaingia, inarudi, lakini hakuna kitu kinatokea kwa skrini.
– Ni A peke yake?
– Na Q, na Z pia, nafikiri. Hizo sijaangalia sana.
– Ilimwagikiwa na kitu?
– Chai kidogo tu.
– Strungi ama ya maziwa?

Msomaji mwenye mazoea ya Kiswahili sanifu ataona mara moja upatanisho wa kisarufi wa Nairobi, ambapo kitufe, herufi na kibodi vyote vimetiwa katika ngeli ya I-ZI. Ataona pia kuwa mahali petu pa *kubonyeza* pana *kufinya*, neno ambalo kamusi hulitolea maana ya kubana kwa vidole. Hayo yameandikwa mara nyingi na hatutayarudia. Tazama badala yake jinsi maswali ya fundi yalivyopangwa. Mteja alianza na *imekataa*, kitenzi kinachokifanya chombo kuwa kama mtoto mkaidi na kisichosema lolote kuhusu kasoro. *Imeharibika* ingekuwa vivyo hivyo. Fundi hakukikosoa kitenzi hicho. Alikivunjavunja kuwa vitenzi vidogo, na kila kimoja kilifunga mlango mmoja wa makosa.

Swali la kwanza: kabisa, au wakati mwingine?

Kibodi isiyotumia waya ina sehemu tatu zinazoweza kukosea. Ya kwanza ni vitufe na sakiti iliyo chini yake. Ya pili ni njia ya redio: betri, kisambazi kilichomo ndani ya kibodi, na kipokezi kidogo kinachochomekwa katika tundu la USB, au mfumo wa Bluetooth uliomo ndani ya kompyuta yenyewe. Ya tatu ni mipangilio ya kompyuta. Mtu aliyepatwa na shida huilaumu redio kwanza, kwa kuwa haionekani. Lakini redio haichagui herufi. A hupita katika njia ileile anayopita M, kwa hiyo njia ikiwa mbovu, herufi zote huumia, na huumia bila mpango: leo inaruka K, kesho inaruka nafasi, mara maandishi yanachelewa kisha yanamiminika kwa pamoja. Vitenzi vya kasoro hii ni *kuruka*, *kuchelewa*, *kukatikakatika*. Mteja akivitumia, dawa huwa ni betri mpya (zisichanganywe na zilizokwishatumika), au kukisogeza kipokezi.

Jambo la kukisogeza kipokezi linastahili maneno mawili zaidi. Kibodi nyingi za zamani zilitumia mawimbi ya megahezi 27. Za sasa, kwa sehemu kubwa, hutumia gigahezi 2.4, yaani eneo lilelile linalotumiwa na Bluetooth na mitandao mingi ya intaneti isiyo na waya. Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilichapisha waraka ulioonyesha kuwa matundu na vifaa vya USB 3.0 navyo hutoa kelele ya redio katika eneo hilo. Kipokezi kilichochomekwa ubavuni mwa diski ya nje ya aina hiyo huweza kuzibwa masikio. Waya mfupi wa kurefushia, unaokipeleka kipokezi mezani karibu na kibodi, mara nyingi humaliza tatizo bila fundi.

Mteja wetu lakini alijibu: *kabisa*. A ileile, kila mara. Redio imeachiliwa huru.

Kubonyeza, kubonyea, kubonyezeka

Hapa ndipo mnyambuliko unapofanya kazi yake. Swali la fundi, *ukiifinya inaingia?*, katika lugha sanifu ni: kitufe kinabonyea? Mtu *hubonyeza*; kitufe *hubonyea*; kitufe chenye uwezo wa kubonyezwa *hubonyezeka*. Kitufe *kisichobonyea* kina kasoro ya umbo: kifuniko kimekaa upande, au chembe ya kitu imeingia chini yake. Kitufe *kinachobonyea lakini hakiandiki* kina kasoro ya umeme. Kitufe *kinachobonyea kisirudi* kimezama, na kwa kuwa hakijaachia, *kinajiandika*: aaaaaaa, mpaka mwisho wa mstari. Kiambishi rejeshi *-ji-* hapa kinabeba utambuzi mzima wa kasoro.

Kuna jozi nyingine ambayo wanafunzi huichanganya: *kunasa* na *kunata*. Kitufe kilichonasa kimeshikwa na kitu kigumu. Hukiinua kifuniko taratibu kwa ncha ya bisibisi bapa, ukatoa kilichokinasa. Kitufe kinachonata kina ulimbo, aghalabu wa sukari. Hicho husafishwa kwa pamba iliyolowa spiriti kidogo, huku betri zimetolewa, na kuachwa kikauke. Fundi asiyetofautisha *s* na *t* katika maneno haya anaweza kukivunja kifuniko kilichohitaji kupanguswa tu.

Kitufe cha mteja wetu kinabonyea, kinarudi, na hakiandiki. Pia hakiko peke yake: Q na Z zimekufa pamoja nacho. Kibodi yenye vitufe mia na zaidi haina nyuzi mia na zaidi. Ina mistari ya kwenda na ya kushuka iliyochapwa juu ya karatasi mbili nyembamba za plastiki, na katikati yake karatasi ya tatu yenye matundu. Ukibonyeza, kikombe kidogo cha raba husukuma karatasi ya juu ikaigusa ya chini kupitia tundu, na makutano ya mistari miwili yakajulikana kuwa ni A. Mstari mmoja ukikatika, vitufe vyote vinavyoutegemea hufa kwa pamoja, hata kama kwa macho havionekani kuwa safu moja. Ndiyo maana swali *ni A peke yake?* ni la kitaalamu. Jibu la *ndiyo* lingeelekeza kwenye uchafu au raba iliyochakaa chini ya kitufe kimoja. Jibu la *na nyingine* linaelekeza kwenye mstari uliokatika.

Mteja hakuziangalia sana Q na Z, na hilo si uzembe. Q haina kazi katika alfabeti yetu, na Z si ya kila neno. A, kinyume chake, ndiyo mhimili wa maandishi ya Kiswahili: imo katika *-na-* ya wakati, imo katika kiambishi cha nafsi, na ndiyo irabu tamati ya vitenzi vingi. Anayechapa kwa vidole vyote huibonyeza kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kwa kuwa mpangilio huu wa herufi ulitokana na mashine za Kimarekani za miaka ya 1870, zilizotengenezwa bila kutufikiria sisi. Mwandishi wa tasnifu ya Kiswahili asiye na A hana tasnifu.

Kwa ajili ya majaribio, sentensi ifuatayo ina herufi zote 24 tunazozitumia, pamoja na ritifaa: *Chifu mzee aliposafiri jana, ng'ombe wetu walivuka daraja peke yao.* Q na X zichapwe kando, hasa X, ambayo haimo katika alfabeti yetu lakini hukata maandishi ibonyezwapo pamoja na Ctrl. A imo mara kumi, nasi hatukuitafuta.

Adabu ya kumwagikiwa

Swali *ilimwagikiwa na kitu?* ndilo lililo bora kuliko yote. Fundi angeweza kuuliza, *ulimwaga nini?* Kitenzi hicho kinamtaja mtenda, na mtenda akitajwa hujitetea. Wengi wangejibu kuwa hawakumwaga kitu, na fundi angekosa habari anayoihitaji kuliko zote. Tazama safari ya mzizi: *mwaga, mwagika, mwagikia, mwagikiwa*. Katika *mwagika* mtenda ameondoka. Katika *mwagikia* ametajwa aliyefikwa. Katika *mwagikiwa* aliyefikwa ndiye kiima, na hakuna anayelaumiwa. Vitabu vyetu vya sarufi hueleza kauli hizi kwa sentensi za kubuni ambazo hakuna aliyewahi kuzisema. Hapa kuna sentensi inayosemwa, na inayoamua iwapo kifaa kitapona.

Inaamua kwa sababu maji matupu yakikauka huenda yasiache madhara. Chai ya maziwa na sukari huacha ulimbo kati ya zile karatasi za plastiki, na unyevu ukiwa pamoja na umeme wa betri huila ile mistari. Ndiyo sababu ya fundi kuuliza kama ni strungi au ya maziwa. Aliyemwagikiwa na atoe betri papo hapo, akigeuze kifaa kifudifudi, na asijaribu "kuona kama bado inafanya kazi". Mstari uliokwisha kuliwa huweza kuungwa kwa rangi maalumu ipitishayo umeme, lakini kazi hiyo ni ndefu, na fundi mwaminifu atasema wazi ikiwa gharama yake inakaribia bei ya kibodi mpya. Mteja mwenye tarehe ya kuwasilisha tasnifu hana budi kuazima kibodi nyingine jioni hiyohiyo.

Kitufe kizima, herufi nyingine

Imebaki familia ya tatu, ambayo vitenzi vyake ni *kubadilika* na *kugeuka*. Kitufe kinaandika, lakini kinaandika kisichotarajiwa. Kwa kasoro hizi bisibisi haina kazi.

Katika kompyuta na kibodi ndogo ambazo tarakimu zimefichwa chini ya herufi za upande wa kulia, Num Lock ikiwashwa, U, I na O huwa 4, 5 na 6, na J, K, L na M huwa 1, 2, 3 na 0. Ukichapa "kiswahili" utapata 25swah535. Katika Windows, ukikishikilia kitufe cha Shift cha kulia kwa sekunde nane, unaweza kuwasha mpangilio wa kuchuja mibonyezo. Tangu hapo mguso mfupi hupuuzwa, na kibodi nzima huonekana kama imekufa ilhali inakusubiri ubonyeze kwa muda mrefu zaidi. Kibodi ya mtumba iliyotoka Ujerumani imebadilishana Y na Z. Ya Ufaransa imebadilishana A na Q. Mpangilio wa Uingereza na ule wa Marekani hutofautiana katika alama za nukuu na ya @.

Kasoro inayotuhusu zaidi sisi ni ya ritifaa. Mpangilio uitwao US-International huishikilia ritifaa bila kuiandika, ukingoja herufi inayofuata. Ikiwa ni irabu, huivika kiasa. Ukichapa *ng'ombe* unapata "ngómbe", *ng'ara* inakuwa "ngára", na *ng'e* inakuwa "ngé". Mwandishi hudhani kitufe kimeharibika, naye huacha ritifaa kabisa, na hivyo kuzipoteza sauti /ŋ/ zote katika kazi yake. Dawa ni mojawapo ya mbili: kubonyeza ritifaa kisha kitufe cha nafasi ndipo irabu, au kuingia katika mipangilio ya lugha na kuchagua mpangilio wa kawaida wa Marekani. Katika ule wa kawaida, ritifaa huandikwa palepale inapobonyezwa, na ng'ombe hurudi bila ya kofia.