SOMO LA UFUNDI: KUGUNDUA MAJI YANAYOVUJA NYUMBANI



Tunapokuwa zamu katika kiwanda cha saruji cha Bugarama au katika mashamba ya chai ya Shagasha, nyumba hubaki peke yake. Bomba likivuja, ukuta wa matofali mabichi hulainika, na WASAC hudai malipo ya maji yote yaliyopita kwenye mita. Tone moja kila sekunde, lenye robo mililita tu, hufikia zaidi ya lita 21 kwa siku.

Kihisi cha maji ni kidude cha betri chenye ncha mbili za chuma. Maji yakiziunganisha, umeme mdogo hupita na kidude hulia. Vingine hupeleka habari kwenye simu, lakini vingi huhitaji intaneti nyumbani. Cha kulia tu hufaa penye mtu wa kusikia.

Tufanye hivi:

1. Tukiweke sakafuni, pale maji yanapofika kwanza: chini ya tangi au sinki.

2. Tukijaribu kila mwezi kwa kitambaa chenye maji.

3. Wote nyumbani waijue koki kuu, kwani vihisi vingi hulia tu, havifungi maji.

Bomba lililofukiwa ardhini kihisi hakiligundui. Kwa hiyo, kabla ya kununua, tufunge mabomba yote usiku, tuandike namba za mita, na tuzisome tena alfajiri. Zikiwa zimesogea, panavuja. Jaribio hili halitugharimu hata faranga moja.

Swali la kujadili: Nyumbani kwako, nani anajua koki kuu ilipo?