Kideri: Maradhi Yaharibuyo Viungo vya Kuku

Wafugaji wa Karagwe na Kyerwa wayajua maradhi ya kideri, yaitwayo pia mdondo. Juzi kuku walikuwa wakipekua migombani. Leo banda limebaki manyoya. Na kwa kuwa fedha ya kuku ndiyo inunuayo chumvi, sabuni na madaftari ya watoto, twaona yafaa kueleza jinsi maradhi haya yafanyavyo kazi ndani ya mwili.

Asili yake ni virusi, navyo ni vidogo hata havionekani kwa darubini ya kawaida. Maradhi yalitambuliwa mwaka 1926 huko Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza. Virusi huingia kwa pumzi, au kwa maji na chakula vilivyochafuliwa na mavi ya kuku mgonjwa. Dalili huonekana baada ya siku 2 hadi 15, mara nyingi siku ya 5 au ya 6.

Kabla virusi havijaweza kuingia katika chembe za mwili, sehemu moja ya gamba lao hapana budi ikatwe na vimeng'enya vya kuku mwenyewe. Virusi hafifu hukatwa katika njia ya pumzi na utumbo tu, basi madhara yake ni madogo. Vilivyo vikali hukatwa karibu katika kila kiungo, kwa hiyo huenea mwili mzima. Tumbo dogo lililo kabla ya firigisi huvia damu. Utumbo hufanya vidonda, na kuku huhara kijani. Koo na mapafu yakishikwa, kuku hutweta. Ubongo ukishikwa, shingo hupinda, mabawa na miguu hupooza. Vifaranga wasio na kinga huangamia upesi.

Wengine husema, "Bata wangu ni wazima, basi nyumba yangu i salama." Sivyo. Bata huweza kuambukizwa asiugue, akatoa virusi katika mavi yake. Kwa hiyo kuku au bata aliyenunuliwa sokoni, Omurushaka au Murongo, atengwe wiki 2 kwanza.

Dawa ya kuyaponya haipo, bali kinga ipo. Chanjo ya I-2 hutengenezwa hapa nchini, Kibaha. Kila kuku, hata kifaranga, hutiwa tone 1 katika jicho moja, na kazi hiyo hurudiwa kila miezi 3. Chanjo iwekwe penye ubaridi, isipigwe jua. Wala isingojewe mpaka kuku waanze kufa, kwa maana aliyekwisha kuugua haimfai.

Mizoga izikwe au ichomwe. Isiuzwe wala kutupwa mtoni. Twawasihi wakuu wa vijiji na walimu wawaongoze watu wachanje kijiji kizima kwa siku moja, maana kuku wa jirani asiyechanjwa ni hatari kwa vifaranga wa wote.