SIMU MKONONI, UFUNGUO KWINGINE

Muhula uliopita Chama chetu cha Kiswahili kilifanya mdahalo ambao haukuisha kengele ilipolia. Hoja ilikuwa: "Muuzaji ana haki ya kuifunga simu aliyoiuza." Watetezi walitetea, wapinzani wakapinga, na hata kwenye foleni ya githeri watu bado walikuwa wanabishana. Mimi nilikuwa katibu siku hiyo. Nilipoyasoma maandishi yangu baadaye, niligundua kwamba wasemaji walilitumia neno "kufuli" kwa maana tatu mbalimbali. Huyu akizungumzia kufuli hii, yule anamjibu kuhusu ile. Katika makala haya nitazitenganisha maana hizo, kisha nitoe msimamo wangu.

Jambo lenyewe si la mzaha. Ni kweli kwamba shuleni simu ni marufuku, lakini tukifunga shule tunarudi Kayole, Umoja, Dandora na Jericho, ambako simu ndiyo duka, ndiyo benki na ndiyo daftari la madeni. Ikizimika, kuna nyumba ambayo haitapika.

1. Kufuli ya mtandao

Kufuli ya kwanza huwekwa na kampuni ya simu ili chombo kikubali laini yake pekee. Ukitia laini ya kampuni nyingine, simu inakataa au inakudai nambari ya siri. Sababu yake ni biashara: kampuni hukupunguzia bei ya simu, halafu inataka uirudishie faida kwa kupiga simu kwake tu.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Marekani. iPhone ilipoanza kuuzwa huko tarehe 29 Juni 2007, ilifungiwa mtandao mmoja, AT&T. Kabla ya miezi 2 kuisha, kijana wa miaka 17 aitwaye George Hotz, wa jimbo la New Jersey, akaifungua ikakubali laini nyingine. Simu moja aliyoifungua alibadilishana na gari aina ya Nissan 350Z pamoja na iPhone nyingine 3. Umri wake ni kama wetu, jamani!

Sheria haikuwa rahisi hivyo. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1998 ilikataza kuvunja kufuli za programu, ila Maktaba ya Bunge la nchi hiyo ilikuwa ikitoa ruhusa maalum ya kufungua simu. Ruhusa hiyo ikaondolewa kwa simu zilizonunuliwa baada ya tarehe 26 Januari 2013. Watu zaidi ya 100,000 wakatia sahihi ombi kwa Ikulu yao, na tarehe 1 Agosti 2014 Rais Barack Obama akatia sahihi sheria ya kuirejesha. Canada iliamuru simu mpya ziuzwe bila kufuli kuanzia tarehe 1 Desemba 2017, nayo Uingereza ikafuata Desemba 2021.

Hapa Kenya wengi wetu hununua simu dukani na laini kando, tena simu zenyewe huwa za laini mbili. Tangu Aprili 2011 mtu anaweza hata kuhama kampuni akabaki na nambari yake. Hata hivyo, kufuli hii haikutupita kabisa. Modemu nyingi za intaneti zilizouzwa na kampuni za simu mwanzoni mwa miaka ya 2010 zilifungiwa mtandao mmoja, na mafundi wa Luthuli Avenue walipata riziki kwa kuzifungua.

2. Kufuli ya deni

Hii ndiyo inayotugusa mtaani. Julai 2020 Safaricom na Google walianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, mteja atoe kianzio kisha alipe kuanzia shilingi 20 kwa siku. M-KOPA, kampuni iliyoanza kwa kuuza taa za jua kwa mkopo, nayo huuza simu kwa mtindo huo, na siku hizi wauzaji ni wengi. Simu huja na programu ya mkopeshaji ndani yake. Usipolipa, inajifunga kutoka mbali. Ukilipa, inafunguka.

Tazama tofauti, msomaji. Kufuli ya mtandao inakuuliza, "Laini yako ni ya nani?" Kufuli ya deni inakuuliza, "Leo umelipa?"

3. Nambari ya IMEI

Wasemaji wawili waliichanganya na kufuli, lakini hii si kufuli. IMEI ni nambari ya tarakimu 15 inayoitambulisha simu, kama kitambulisho chako kinavyokutambulisha wewe. Bonyeza *#06# utaiona. Ndiyo iliyotumiwa kuzijua simu bandia zilipozimwa nchini baada ya tarehe 30 Septemba 2012. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya inakataza mtu kuibadilisha bila idhini. Kwa hivyo fundi akikwambia, "Lete hiyo simu niibadilishie IMEI," ujue hapo hakuna kufungua, ni uhalifu.

Hoja za pande mbili

Watetezi walikuwa na hoja nzito, nami sitaificha. Mama mboga hana hati ya mshahara wala hati ya shamba. Benki itamuuliza dhamana, atoe nini? Kufuli ndiyo dhamana yake. Ikiondolewa, mkopeshaji ataogopa, na mama atarudi kwenye kabambe yake. Isitoshe, wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa.

Wapinzani walijibu kwamba dhamana inayozima riziki ya mdaiwa inamzuia kulipa. Hapa niruhusu nitoe mfano wa karibu. Katika ploti yetu kule Umoja yuko mama mmoja anayeuza sukuma wiki na nyanya. Alichukua simu ya kulipa kwa mwaka mmoja, akalipa miezi 10 bila kukosa. Ikaja wiki ya mvua, wateja wakapotea, akakosa kulipa siku 2. Alfajiri ya siku ya tatu akiwa Marikiti, gunia liko mbele yake, simu ikajifunga. Pesa za kununulia bidhaa zilikuwa kwenye laini iliyokuwa ndani ya simu hiyo hiyo! Ilimbidi amwombe mwenzake simu, atie laini yake humo, ndipo alipe. Wakati huo gunia lilikuwa limeshachukuliwa. Aliporudi alituambia maneno haya: "Wanangu, nimelipa miezi kumi, lakini ile simu inanijua kama mtu wa jana."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifungua macho. Zamani wazazi wetu walinunua makochi na redio kwa kulipa polepole. Bunge la Kenya lilipotunga sheria ya ununuzi wa aina hiyo mwaka 1968, liliweka kwamba mnunuzi akishalipa theluthi mbili ya bei, muuzaji hawezi kujichukulia mali hiyo bila kwenda mahakamani. Maana yake, kila shilingi unayolipa inakupa haki zaidi. Kufuli ya simu haijui theluthi mbili. Aliyebakisha shilingi 50 na aliyelipa kianzio tu, wote inawafunga sawasawa.

Msimamo wangu

Kwa maoni yangu, kufuli ilinde deni, isilinde soko. Kwa hivyo napendekeza mambo matatu:

(a) Mnunuzi aelezwe habari za kufuli kabla hajatia sahihi, kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya kupata habari anazohitaji.

(b) Kufuli ipime kiasi kilicholipwa. Aliyelipa sehemu kubwa aonywe kwanza, apewe siku za ziada, na aachiwe kupiga simu na kutumia pesa zake hata akichelewa.

(c) Deni likiisha, kufuli iondoke yenyewe siku hiyo hiyo, bila ada, na simu ikubali laini yoyote.

Kwa upande wa pili, kumpelekea fundi simu yenye deni ili "aiflash" siwezi kukutetea. Huko ni kumdhulumu mkopeshaji, na atakayeumia ni jirani yako atakayekuja kukopa kesho.

Kabla mzazi wako hajachukua simu ya mkopo, mpigie hesabu. Tuseme kianzio ni shilingi 1,000 na malipo ni 50 kwa siku kwa siku 365. Hiyo ni 18,250 na 1,000, jumla 19,250. Ikiwa dukani simu hiyo ni 13,000 taslimu, basi unalipia subira shilingi 6,250. Huenda inafaa, huenda haifai, lakini muhimu ni kuamua ukijua.

Msamiati

Dhamana: kitu anachowekewa mkopeshaji ili asipolipwa asipate hasara.
Kianzio: malipo ya kwanza kabla ya kukabidhiwa kitu.
Taslimu: malipo ya pesa zote kwa mara moja.
Theluthi mbili: sehemu mbili kati ya tatu.

Zoezi

1. Eleza tofauti kati ya kufuli ya mtandao na kufuli ya deni.
2. Katika mfano wa hesabu hapo juu, mnunuzi atatimiza theluthi mbili ya malipo yote siku ya ngapi?
3. "Dawa ya deni ni kulipa." Tunga aya moja ukiiunga mkono methali hii, na nyingine ukiipinga.

Majibu yaletwe kwa katibu wa Chama kabla ya mdahalo ujao.