Dondoo muhimu: Unapoomba kusomea udaktari wa mifugo Marekani

"Nawapenda wanyama tangu utotoni" haitoshi. Wanaoomba karibu wote wanasema hivyo. Taja kazi yenyewe: ng'ombe wa maziwa, kuku, wanyamapori, au ukaguzi wa nyama.

Kisha saa zako zithibitishe. VMCAS, mfumo wa pamoja wa maombi unaotumiwa na vyuo vingi vya huko, hutenganisha saa ulizofanya kazi chini ya daktari wa mifugo na zile ulizokaa na wanyama bila daktari. Kuchunga mbuzi wa babu kunaingia fungu la pili. Kumsaidia daktari kupima mimba za ng'ombe, la kwanza. Andika tarehe, saa na kazi siku hiyohiyo.

Ukivutiwa na mifugo ya chakula, sema bila haya. Vijijini Marekani madaktari wa mifugo hiyo ni haba, na serikali ina mpango wa kuwasaidia kulipa mikopo ya masomo wanaokubali kwenda huko. Ila usijidai tu: swali moja kuhusu ugonjwa wa kiwele litakuumbua.

Onja pia kliniki ya mbwa na paka. Msaili atataka kujua kwa nini hukuichagua.