WADUDU NA PANYA NYUMBANI: ANZA NA NYUMBA, SI NA CHUPA YA DAWA

Somo kwa familia za Busia na Tororo

Mvua za Machi hadi Mei, na zile za mwishoni mwa mwaka, zikianza kunyesha katika maeneo ya mto Sio na mto Malaba, kila nyumba hupata wageni wasioalikwa. Mbu huongezeka, mende hutoka chooni, na panya huingia ndani kutafuta pakavu. Kunguni hawangoji hata mvua. Wengi wetu hukimbilia sokoni kununua dawa. Katika somo hili tutaona kwa nini dawa peke yake haitoshi, na tutajifunza kazi ambazo kila familia inaweza kuzifanya, hata ikiwa inaishi katika chumba kimoja cha kupanga.

1. Tororo imetufundisha nini?

Watafiti waliochunguza mbu wa Tororo mwaka 2001 na 2002 walikadiria kwamba mtu mmoja aliumwa mara 562 kwa mwaka na mbu wenye vimelea vya malaria. Hiyo ni zaidi ya mara moja kila usiku. Kuanzia mwishoni mwa 2014, kuta za nyumba katika wilaya hiyo zilipuliziwa dawa, na neti pia zilikuwa zimegawiwa. Malaria ilipungua sana. Lakini miaka michache baadaye, baada ya aina ya dawa ya ukutani kubadilishwa, ugonjwa ulipanda tena, na kufikia 2021 zahanati zilikuwa zimejaa wagonjwa wa homa. Mbu aitwaye Anopheles funestus, aliyekuwa amepungua mno, alirudi kwa wingi. Dawa za jamii ya pareto, ambazo hutiwa kwenye neti, nazo hazina tena nguvu ya zamani kwa mbu wengi wa sehemu hizi.

Je, tuache neti? Hapana. Neti isiyo na matundu ni ukuta kati yako na mbu hata dawa yake ikipungua. Wala usikatae kupuliziwa nyumba yako wahudumu wakifika. Funzo ni hili: mbu anaweza kuzoea dawa, lakini hawezi kuzoea tundu lililozibwa.

2. Kila mdudu anatafuta kitu

Mdudu au panya akikaa kwako, amepata moja kati ya haya matatu: maji, chakula au maficho. Mwondolee hicho, naye ataondoka au atapungua.

MBU. Mbu wa malaria huingia usiku, hasa kupitia mwanya ulio kati ya ukuta na paa. Ziba mwanya huo kwa udongo, au weka wavu wa waya ili hewa ipite. Kwa usalama wenu, jiko la makaa lisilale ndani ya chumba kilichofungwa, kwa maana moshi wake usioonekana huua. Nje, fukia mashimo yaliyochimbwa udongo wa matofali, na nyayo za ng'ombe zinazotuamisha maji. Yai la mbu huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa siku 7 hadi 14. Kwa hiyo kagua uwanja mara moja kila wiki. Neti ifuliwe kwa sabuni ya kawaida, isizidi mara moja kila miezi mitatu, na ianikwe kivulini. Ikitoboka, ishone siku hiyo hiyo.

KUNGUNI. Kunguni haambukizi malaria, lakini hunyima usingizi na huwafanya watu waikunje neti wakidhani ndiyo inayomleta. Neti haizai kunguni. Wao hukaa katika pindo za godoro, viungo vya kitanda, mikeka na nyufa za ukuta. Toa kitanda nje na ukifungue. Mwagia viungo vyake maji yanayochemka. Nguo na mashuka yalowekwe katika maji ya moto sana, kisha yaanikwe juani. Ziba nyufa kwa udongo. Rudia kila baada ya wiki moja, kwa wiki nne au zaidi, kwa sababu mayai yaliyobaki huangua baadaye. Kunguni huweza kukaa miezi bila kula, hivyo kuhama chumba kwa muda mfupi hakusaidii.

MENDE NA INZI. Hawa hutoka chooni na kwenye taka, kisha hutembea juu ya ugali na omena zetu wakiwa na uchafu miguuni. Hivyo ndivyo wanavyoweza kueneza ugonjwa wa kuhara. Funika tundu la choo kila baada ya kutumia. Osha sufuria kabla ya kulala, si asubuhi. Funika chakula na maji ya kunywa.

PANYA. Panya mdogo hupita kwenye tundu la upana wa penseli. Ziba matundu kwa mawe madogo na saruji, au kwa kipande cha bati. Mahindi na maharagwe yawekwe kwenye pipa au debe lenye kifuniko, lililoinuliwa kutoka sakafuni. Mkojo wa panya huweza kuleta homa kali, kwa hiyo usile chakula alichokigusa. Mtego wa kawaida ni salama kuliko sumu.

3. Hatari ya chupa isiyo na jina

Katika masoko ya mpakani dawa nyingine huuzwa kwa kupimiwa, katika chupa ya soda au karatasi iliyokunjwa. Huijui ni dawa gani, wala kipimo chake. Nyingine ni za shambani na hazifai kabisa ndani ya nyumba. Mtoto akiiona chupa ya soda, ataona soda. Usinunue dawa isiyo na maandishi ya mtengenezaji. Usipulize dawa ya shambani kwenye godoro, wala usiitie kwenye mahindi ya kula.

Mtu akipata sumu huweza kutoa mate na jasho jingi, kutapika, kutetemeka, na kupumua kwa shida. Mtoe mahali hapo. Mvue nguo zilizolowa dawa na umwoshe kwa maji na sabuni, huku ukilinda mikono yako. Usimlazimishe kutapika. Usimnyweshe maziwa wala mafuta. Mpeleke mara moja kituo cha afya, na ubebe ile chupa ili mganga aione.

4. Kwa anayehama

Mwanzoni mwa 2008, Wakenya waliokimbia ghasia za baada ya uchaguzi walivuka Busia na Malaba, na wengi walipokelewa katika kituo cha Mulanda, wilayani Tororo, kabla ya kuhamishiwa Kiryandongo. Anayekimbia hana nafasi ya kukagua godoro. Lakini ukishafika mahali pa kulala, fanya hivyo kabla ya kufungua mzigo ndani: kung'uta mikeka nje, anika magodoro juani, na kagua pindo zake. Katika hema, funga neti vizuri na uchomeke kingo zake chini ya godoro au mkeka. Kunguni wa familia moja wakiingia hema moja, baada ya muda mfupi watakuwa wa wote. Usimcheke jirani aliye nao, kwa maana atawaficha. Msaidie kuchemsha maji.

Maswali ya kujadili

1. Nyumbani kwako, ni wapi mbu huingilia? Unaweza kupaziba kwa kitu gani ulicho nacho?
2. Ni shimo lipi mtaani linalotuamisha maji, na nani mtashirikiana kulifukia?
3. Je, kuna chupa ya dawa isiyo na jina nyumbani kwako? Iko wapi, na mtoto anaweza kuifikia?

Ndugu msomaji, ukiwa na swali la tatu mkononi, usingoje kikao. Inuka sasa uitafute hiyo chupa. Ifungie mahali pa juu penye kufuli, usiimwage mtoni wala chooni, kisha mwulize mhudumu wa afya wa kijiji chako namna ya kuiondoa.