Reflekta Mpya, Mkaguzi Kazikataa: Namna ya Kuchagua Vizibao vya Kuakisi Mwanga vya Shambani

Kijana mmoja anayelima parachichi huku Njombe kanipigia simu juzi akiwa amechanganyikiwa. Kanunua reflekta 12 mpya kabisa kwa ajili ya wachumaji na watu wa kupakia. Mkaguzi aliyetumwa na mnunuzi akaziangalia dakika mbili tu, akaandika kwamba hazikidhi. Swali lake kwangu: "Afisa, reflekta si reflekta tu? Zinang'aa, ni mpya, sasa anataka nini?"

Nimeulizwa hili na zaidi ya mmoja, kwa hiyo leo tulimalize.

Kwanza tuelewane kwa nini shambani zinahitajika, maana wengi tunadhani ni mambo ya bodaboda na mafundi wa barabara. Fikiria msimu wa kuchuma: asubuhi ukungu umeshuka, lori la mnunuzi linarudi nyuma kwenye kinjia chembamba, dereva ni mgeni hajui shamba, na kuna mtu kainama anapanga kreti. Au kule Kilombero, matrekta yanavuta tela za miwa hadi usiku. Dereva wa trekta ana vumbi mbele na muungurumo masikioni. Ukimpigia kelele hasikii. Aliye nyuma ya tela anaokolewa na kitu kimoja, kuonekana mapema kiasi cha dereva kuwahi breki.

Sasa kizibao kinafanya kazi mbili tofauti, na hapa ndipo watu wanapochanganya. Kitambaa chenye rangi ya kuwaka (njano, chungwa au nyekundu) kinachukua mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho na kuitoa kama mwanga unaoonekana. Ndiyo maana kinaonekana sana mchana, alfajiri, jioni na kwenye mawingu. Usiku kitambaa hicho hakikusaidii chochote. Usiku kazi inafanywa na ile mikanda ya rangi ya fedha, yenye vichembe vidogo sana vya kioo au plastiki vinavyorudisha mwanga kule kule ulikotoka, yaani kwenye taa za gari na macho ya dereva. Kizibao cha kazini lazima kiwe na vyote viwili.

Mikanda ya bandia ipo mingi sokoni. Kitambaa kimepakwa rangi ya fedha tu, basi. Jaribu hivi ukiwa dukani: mwambie muuzaji akishike, wewe simama hatua kama kumi, washa tochi ya simu na uiweke pembeni kabisa ya jicho lako. Mkanda halisi utawaka mweupe. Halafu shusha simu hadi kiunoni huku ukiendelea kuangalia. Mng'ao unapungua sana, kwa sababu mwanga unarudi kwenye tochi na siyo kwenye jicho. Wa bandia utabaki kijivu vilevile, tochi iwe juu au chini.

Lakini kung'aa peke yake hakutoshi, na hilo ndilo lililomkuta kijana wetu. Mikanda yake ilikuwa halisi. Tatizo ni kwamba haikutosha.

Geuza kizibao uangalie lebo ya ndani. Kiwango cha kimataifa kinachotumika zaidi ni ISO 20471, cha mwaka 2013. Lebo inapaswa kuwa na namba hiyo, jina la mtengenezaji, saizi, na kichoro kidogo cha kizibao kikiwa na namba moja pembeni: 1, 2 au 3. Hilo ni daraja. Ukiona namba mbili pembeni ya kichoro, hicho kimetengenezwa kwa kiwango cha zamani, EN 471, kilichokwisha kubadilishwa. Ukiona EN 1150, hicho ni cha watembea kwa miguu na wanafunzi, siyo cha kazini, hata kama ni kizuri. Vilivyotoka Marekani vina ANSI/ISEA 107. Navyo vina madaraja 1 hadi 3. Kisichokuwa na lebo kabisa, kama vile vya promosheni wanavyogawa kwenye mikutano, usikiingize kwenye hesabu ya shamba lako.

Daraja la 1 linataka kitambaa cha kuwaka kisichopungua mita za mraba 0.14 na mikanda mita za mraba 0.10. Daraja la 2: kitambaa 0.50, mikanda 0.13. Daraja la 3: 0.80 na 0.20, na hapo lazima kuwe na mikono au suruali, kwa hiyo kizibao kisicho na mikono kikiandikwa daraja la 3 kitilie shaka.

Najua hizo mita za mraba zinachosha. Njia rahisi ni hii. Mkanda unatakiwa uwe na upana wa sentimita 5 au zaidi. Ukiwa na sentimita 5 kamili, mita za mraba 0.13 ni sawa na urefu wa mita 2.6. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mikanda yote, inayozunguka kiwiliwili na inayopita mabegani, jumlisha. Ikifika mita 2.6 umefikia hitaji la mikanda la daraja la 2. Ikiishia mita 2, hilo ni daraja la 1. Kijana wetu nilimwambia apime nikiwa bado kwenye simu: upana sentimita 3, na mkanda mmoja tu wa kuzunguka. Mkaguzi hakuwa na ubaya naye.

Angalia na mpangilio. Mkanda uzunguke mwili mzima, mbele na nyuma, kwa sababu huwezi kujua gari litatokea upande gani. Uwe juu ya ukingo wa chini kwa angalau sentimita 5, na kati ya mkanda na mkanda pia sentimita 5. Ukitaka kuchapa jina la shamba mgongoni, kumbuka maandishi yanakula eneo la kitambaa kinachowaka. Jina dogo kifuani linatosha. Na tafadhali, usimpelekee fundi apunguze urefu ili vipendeze. Ukikata unaweza kushuka daraja.

Kwa mashamba yetu mimi nashauri daraja la 2 kwa yeyote anayefanya kazi karibu na trekta, lori au kando ya barabara. Wanaopakia usiku au wanaotembea kwenye lami gizani, wape daraja la 3. Daraja la 1 sioni faida yake kwetu.

Rangi nayo si ya kuchagua kwa mapenzi. Kwenye parachichi, chai na miwa ambako kila kitu ni kijani, rangi ya chungwa inajitenga vizuri kuliko ile njano inayoelekea kijani. Kwenye alizeti iliyochanua, njano inamezwa kabisa. Kwenye udongo mwekundu uliolimwa, njano inashinda. Simama mwisho wa shamba lako uangalie mwenyewe.

Halafu kuna mambo ya kwetu ambayo lebo haikuambii. Huku nyanda za juu asubuhi ni baridi. Mfanyakazi anavaa reflekta, kisha anavaa koti juu yake. Umetupa hela. Nunua saizi kubwa zinazovaliwa juu ya koti, au tafuta makoti ya mvua yenye mikanda tayari. Anayebeba bomba la kupulizia la lita 16 mgongo wote umefunikwa, kwa hiyo nyuma haonekani. Muda wa kupulizia zuia magari yasiingie kwenye kitalu hicho. Tena kizibao si kinga ya dawa. Kile kinachonyonya dawa kinakuwa hatari kukivaa kesho yake, kwa hiyo kifuliwe peke yake. Na wanaochoma miwa kabla ya kuvuna wasivae vizibao vya kawaida vya poliesta, maana vinayeyuka na kugandia mwilini.

Jambo ninalolihofia kuliko yote ni PTO. Shafti ya PTO ya kawaida inazunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Kizibao kilichoachwa wazi mbele kikipeperuka na kugusa shafti isiyo na kifuniko, mtu anavutwa kabla hajatamka neno. Hivyo kifaa ulichonunua kumlinda ndicho kinachomkamata. Mashine za kupukuchua mahindi zenye mikanda ya nje ni vilevile. Kwa watu wa mashine chagua vizibao vyenye velkro mabegani na ubavuni, vinavyoachia vikivutwa kwa nguvu. Vivute mwenyewe kabla ya kulipa. Viwe vya kubana kiasi, vifungwe mbele, na kamba zozote zinazoning'inia zikatwe. Ila velkro haichukui nafasi ya kifuniko cha shafti, na PTO izimwe kabla mtu hajasogea. Hapo sina mjadala, bana.

Kuhusu sheria: Tanzania Bara tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA. Wasomaji wa Kenya mnayo ya kwenu ya mwaka 2007. Shamba lililoajiri watu ni mahali pa kazi kama kiwanda, na jukumu la vifaa kinga ni la mwajiri. Wengine wanakata pesa ya reflekta kwenye posho ya kibarua. Mkataba wa ILO namba 155 wa mwaka 1981 unasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi, na mimi nakubaliana nao kabisa. Kwa wanaouza nje kupitia GLOBALG.A.P., mkaguzi atataka pia tathmini ya hatari iliyoandikwa. Andika tu kwa lugha yako: wapi magari yanapita, saa ngapi, nani yupo hapo, anavaa daraja gani. Tunza risiti na picha ya lebo, kwa sababu lebo hufutika.

Matunzo sasa. Lebo nyingi zinataja idadi ya juu ya kufua, kwa mfano mara 25. Usitumie jiki, usipige pasi juu ya mikanda, anika kivulini kwa sababu jua kali linaua rangi. Vumbi na grisi vinaziba mng'ao, kwa hiyo kizibao kichafu ni sawa na hakipo. Andika tarehe ya kuanza kutumika kwa kalamu isiyofutika kwenye lebo. Kila mwezi weka kimoja kipya ambacho hakijatumika pembeni ya vya zamani, jioni, na ile tochi ya simu. Vilivyopauka au vyenye mikanda iliyopasuka vitoe, na ukivitoa vikate kabisa. Vikibaki stoo vizima vizima, kibarua wa kwanza atakayekuja siku vile vizuri vimeisha atapewa hivyo hivyo.