Mzazi, Msaidie Mtoto Wako Kuupiga Mpira wa Besiboli

Besiboli na softiboli huchezwa katika baadhi ya shule nchini, na kipaji cha michezo sasa kina nafasi katika masomo pia: mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo ni mmojawapo wa mikondo mitatu ya sekondari pevu. Hata hivyo, mtoto anaweza kuacha mchezo huu mapema, na si kwa uvivu. Ameukosa mpira mara kadhaa, wenzake wakamcheka, naye akaamua kwamba hawezi. Mzazi anaweza kuigeuza hali hiyo, hata kama hajawahi kushika gongo.

Kukosa ni sehemu ya mchezo

Mwaka 1941, Ted Williams wa timu ya Boston Red Sox nchini Marekani alimaliza msimu akiwa na wastani wa 0.406. Maana yake ni kwamba katika kila majaribio kumi yaliyohesabiwa, alifaulu takriban mara nne na kushindwa mara sita. Wastani huo husifiwa hadi leo. Mchezaji wa kulipwa anayefaulu mara tatu kwa kumi huhesabiwa kuwa hodari. Basi mtoto asigombezwe kwa kukosa.

Jicho kwanza, nguvu baadaye

Kosa la kawaida ni kumwambia mtoto apige kwa nguvu zake zote. Anayefanya hivyo huinua kichwa na kuupoteza mpira machoni. Mazoezi yafuate mpangilio huu:

1. Gongo linalomfaa. Mtoto alishike kwa mkono mmoja na kulinyoosha pembeni, usawa wa bega, kwa sekunde 20 hivi. Mkono ukitetemeka au kushuka, gongo hilo ni zito mno kwake.

2. Kushika na kusimama. Alishike kwa vidole, si kulibana ndani ya kiganja. Anayetumia mkono wa kulia huweka mkono huo juu ya ule wa kushoto. Miguu iwe na upana unaozidi mabega kidogo, na magoti yakunjwe kidogo.

3. Mpira uliotulia. Mpira uwekwe juu ya kigingi kinachofika kiunoni. Mtoto apige hatua fupi mbele, azungushe nyonga, kisha mikono ifuate. Macho yabaki pale mpira ulipokuwa hata baada ya kuupiga.

4. Kuchagua mpira. Mzazi arushe polepole, naye mtoto asipige. Aseme tu “ndani” au “nje”. Mpira wa “ndani” hupita juu ya kibao cha mpigaji, kati ya magoti na kifua. Kujua mpira wa kuuacha ni nusu ya kazi.

5. Mpira unaorushwa. Mzazi arushe kutoka umbali wa hatua tano au sita, kwa mkono wa chini. Mwendo uongezwe pale tu mtoto anapoanza kuugusa mpira mara kwa mara.

Vifaa visiwe kikwazo

Katika Jamhuri ya Dominika, watoto hucheza mchezo uitwao vitilla: hupiga vifuniko vya mitungi ya maji kwa mti wa ufagio. Nchi hiyo ndogo imetoa wachezaji wengi wa ligi kuu ya Marekani kuliko nchi nyingine yoyote ya kigeni. Hapa nyumbani, mti wa ufagio na mpira wa makaratasi na nailoni vinatosha kuzoeza jicho. Kifuniko kinaweza kuumiza jicho, hivyo kwa mtoto mdogo mpira laini ni salama zaidi.

Usalama

Mpira halisi wa besiboli ni mgumu na una uzito wa gramu 142 hadi 149. Mtoto asikabiliane nao bila helmeti. Ndugu na marafiki wakae mbali na anayepunga gongo, na mazoezi yasifanyike kando ya barabara. Mtoto anayeuogopa mpira asilazimishwe. Arudi kwenye mpira laini hadi woga uishe.

Muda na maneno

Dakika 15, mara tatu kwa wiki, zina faida kuliko saa mbili za Jumamosi zinazomwacha mtoto hoi. Mazoezi yakome angali na hamu.

Siku ya mechi, mzazi amwachie mwalimu kazi ya kuelekeza. Maelekezo mawili kwa wakati mmoja humchanganya mtoto. Mechi ikiisha, badala ya “Mbona uliukosa?”, amuulize, “Uliuona mpira vizuri?” Swali la kwanza humfanya aogope kujaribu tena. La pili humfundisha kutazama, na kutazama ndiko kunakomwezesha kupiga.

Wazazi wanahimizwa kuwapa wasichana na wavulana nafasi sawa, na kuzungumza na walimu wa michezo kabla ya kununua vifaa vyovyote.